Avidini yangu inanasa hata pasipo na biotini: ninunue ipi?

Swali: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni fundi wa maabara hapa Pemba. Tunajaribu kuunda kipimo cha elisa (cha sahani yenye visima, ambamo rangi huonyesha kama kingamwili zipo) cha kingamwili za kichocho. Tunapaka visima kwa dondoo ya mayai ya mnyoo, tunaziba kwa maziwa ya unga, tunatia seramu, halafu kingamwili ya pili (inayoishika kingamwili ya mgonjwa) iliyobandikwa biotini, na mwisho avidini, protini inayoishika biotini, yenye kimeng'enya cha peroksidesi kinachogeuza rangi. Tatizo ni kuwa visima nisivyotia seramu navyo vinageuka rangi, karibu sawa na vya wagonjwa. Wenzangu wananishauri ninunue avidini iliyorekebishwa. Nikifungua orodha za wauzaji naona aina tele: streptavidini, NeutrAvidin, CaptAvidin, ya kipande kimoja, na kila moja inasifiwa mshiko wake. Bei nazo zimepishana mno. Zinatofautianaje, na ipi itaniondolea rangi hii?

Waalaykum salaam, mwanangu. Jibu fupi nalitanguliza ili usije ukaagiza kitu kesho: usinunue chochote mpaka umalize sahani moja ya majaribio nitakayokueleza, na yale maziwa ya unga yaache leo hii, isipokuwa ndani ya sahani hiyo. Ikithibitika kuwa avidini ndiyo inayokuharibia, nunua streptavidini iliyounganishwa na kimeng'enya kile kile unachotumia sasa. Hizo nyengine zina kazi zao, tena kazi nzuri, lakini hazikuhusu kwa sasa.

Kila muuzaji anasifia mshiko, na kwako wewe mshiko ndio jambo la kuangalia mwisho. Nguvu ya avidini kushika biotini hupimwa kwa kiwango cha kuachana, na kiwango hicho ni kama 10⁻¹⁵ mola. Streptavidini iko karibu na 10⁻¹⁴. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mshiko unavyokuwa mkali, na katika viumbe hai ni nadra kukuta protini na molekuli ndogo zikishikana hivi bila ya kuunganishwa na kifungo cha kikemia. Lakini tazama kazi yako: avidini ikishakamata biotini hukaa nayo kwa miezi, streptavidini hukaa nayo siku kadhaa, na wewe unaosha sahani na kusoma rangi kabla saa moja haijaisha. Zote mbili zinakutosha na kusaza.

Zinapotengana ni kwenye vile vitu zinavyovishika bila ya kutumwa. Umepata kupasua fenesi bila ya kujipaka mafuta ya nazi mikononi? Utomvu ule ukiupika ukawa ulimbo, ndege atanasa, ndiyo, lakini yatanasa na majani makavu, na manyoya, na vidole vya mtegaji. Mtegaji haulizi kama ulimbo unaweza kumshika ndege, kwa sababu wowote unaweza. Anauliza atauzuiaje usishike kila kinachopita. Swali lako ndilo hilo hilo.

Biotini yenyewe ni vitamini, ile ya B7, molekuli ndogo yenye uzito wa daltoni 244 tu. Udogo wake ndio uliowavutia watu wa maabara: unaweza kuibandika kwenye kingamwili, kingamwili isijue kama imebebeshwa kitu. Avidini inatoka kwenye ute wa yai la kuku, na iligunduliwa kwa madhara yake. Mwaka 1927 Margaret Boas, akifanya kazi London, alieleza jinsi panya waliolishwa ute mbichi wa yai uliokaushwa walivyopukutika manyoya na kuharibika ngozi, na jinsi ini lilivyokuwa na kitu cha kuwaponya. Mwaka 1936 Kögl na Tönnis wakaitoa biotini ikiwa safi kutoka kwenye kiini cha yai. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Eakin, Snell na Williams huko Texas wakaipata protini ya ute iliyokuwa ikiwanyima panya vitamini hiyo, nayo ikapewa jina la avidini, kwa uroho wake wa biotini. Napenda sana habari hii, kwamba yai moja limebeba vitamini kwenye kiini na mkamataji wake kwenye ute. Anayekula yai la kuchemsha hana la kuogopa: avidini isiyobeba biotini huharibika ikifikia nyuzijoto 85 hivi. Ikiwa imeshaibeba, huvumilia mpaka kama 132, na hapo ndipo utaona namna viwili hivi vinavyotiana nguvu.

Ukiitazama kwa karibu, avidini ni vipande vinne vilivyoegemeana, na kila kipande kina shimo moja la kukaa biotini. Mimi wanafunzi wangu huwaambia wafikirie vidaka vya kwenye kuta za nyumba za Mji Mkongwe: ukuta wa mawe, na ndani yake kidaka kilichochongwa kwa kipimo cha kitu kimoja. Biotini ikiingia, inajaa kidakani barabara. Sasa, vidaka havina kosa lolote. Kosa la avidini liko kwenye ukuta.

Ukuta huo una kasoro mbili. Ya kwanza ni chaji. Avidini imejaa laisini na ajinini, asidi amino zenye chaji chanya, hata chaji zake hazilingani mpaka ufikie pH ya 10 hivi. Kwenye bafa yako (maji ya chumvi yenye pH isiyoyumba) ya 7.4 protini nzima ina chaji chanya, na chochote chenye chaji hasi kitaivuta: DNA, utando wa seli, protini zenye asidi nyingi, na baadhi ya plastiki za sahani zilizotengenezwa makusudi ili zinase vitu. Kasoro ya pili ni sukari. Karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wa avidini ni minyororo ya sukari iliyoning'inia nje, na katika mwili wa viumbe zimo protini ambazo kazi yao ni kukamata sukari za namna hiyo. Zikiwemo kwenye dondoo yako, zitaishika avidini kwa sukari zake, biotini iwepo isiwepo.

Marekebisho mengi unayoyasoma kwenye orodha za wauzaji ni ya kupiga lipu ukuta huu huku vidaka vikiachwa kama vilivyo. Avidini isiyo na chaji, kama NeutrAvidin, ni ile ile ya ute wa yai iliyoondolewa sukari na kupunguzwa chaji, hata chaji zake zikalingana kwenye pH ya 6.3 hivi. Uzito nao hushuka, kutoka karibu daltoni 66,000 mpaka kama 60,000. Mwaka 2000 watafiti wa Ufini walieleza njia nyengine ya kufika huko huko: waligeuza jeni la avidini ili protini izaliwe bila ya sukari na bila ya ile chaji nyingi, na ikabaki ikiishika biotini kwa nguvu.

Streptavidini haikurekebishwa na mtu. Ilipatikana mwaka 1964 na Chaiet na Wolf, waliokuwa wakitafuta dawa za kuua vijidudu katika bakteria wa udongo, na bakteria mwenyewe anaitwa Streptomyces avidinii. Viungo vyake vya asidi amino vinafanana na vya avidini kwa takribani sehemu moja katika tatu tu, lakini umbo lake ni lile lile, vipande vinne na vidaka vinne. Haina sukari kabisa, na chaji zake ziko karibu na kulingana. Aibu yake ni moja: ina mfuatano wa asidi amino tatu, ajinini, tairosini na aspatiki, unaofanana na alama ambayo seli huitumia kushikilia vitu. Kwa hiyo mwenye kufanya kazi na seli nzima au vipande vya nyama anaweza kuona streptavidini ikishikwa na seli zenyewe, na hapo ile avidini isiyo na chaji humfaa zaidi. Wewe kwenye visima vyako huna seli. Ndiyo sababu nikakwambia streptavidini kwanza. Ikiwa bado utaona ukungu wa rangi, hapo ndipo ujaribu hiyo nyengine.

CaptAvidin na avidini ya kipande kimoja ni habari mbali. Humo waliokarabati hawakugusa ukuta, walilegeza vidaka makusudi. Sababu yake ni hii: ukinasa protini yenye biotini kwa avidini ya kawaida, kuibandua kunataka guanidini, kemikali inayovuruga protini, ya mola 8 kwenye pH ya 1.5, na ukishafanya hivyo protini uliyoitaka imekwisha kazi. Basi katika CaptAvidin tairosini iliyomo kidakani huongezewa kikundi cha nitro, na kwa hivyo kidaka kinashika kwenye pH ya 4 na kuachia kwenye pH ya 10. Ile ya kipande kimoja hutengwa na wenzake watatu, na kwa kuwa kila kidaka hukamilishwa na triptofani inayotoka kwenye kipande cha jirani, kidaka kinabaki na upenyo, na protini yako inatoka ukipitisha biotini ya milimola 2. Kuna na Strep-Tactin, streptavidini iliyogeuzwa ili ishike mkia mfupi wa asidi amino nane unaobandikwa kwenye protini. Zote hizi ni za kusafishia protini kwenye safu, yaani mrija uliojazwa chembe za kunasia. Ukizitia kwenye elisa utakuwa umelipa zaidi ili upate mshiko hafifu. Zile za kidaka kimoja tu, zilizotangazwa 2006, na ile inayoachia polepole mara kumi kuliko streptavidini, ya 2010, ni nzuri sana kwa wanaofuatilia molekuli mojamoja chini ya darubini, na hapo naziacha.

Tuje kwenye sahani yako, maana hapa ndipo ninapoona hatari. Umeniambia mambo mawili ambayo yamenishitua kuliko avidini. La kwanza ni maziwa. Maziwa yana biotini ndani yake. Ukiziba visima kwa maziwa halafu ukatia avidini, ni sawa na kuvipaka visima vyote chambo. La pili ni dondoo ya mayai ya mnyoo. Mayai hayo kwa kawaida hutolewa kwenye ini la panya walioambukizwa, na ini ni miongoni mwa viungo vyenye biotini nyingi, kwa sababu vimeng'enya vinavyotia kaboni dioksidi kwenye molekuli hubeba biotini iliyofungwa mwilini mwao. Mnyoo mwenyewe ni kiumbe hai, naye ana vimeng'enya vyake. Dondoo isiyosafishwa inaweza kuwa na biotini, na DNA yenye chaji hasi, na mabaki ya damu ambayo hugeuza rangi yenyewe bila ya peroksidesi yako. Avidini ikilaumiwa kwa yote hayo itakuwa imeonewa.

Sahani ya majaribio itakayotenganisha mambo haya si kubwa. Andaa nyuso tatu: visima vya dondoo vilivyozibwa kwa maziwa kama ulivyozoea, visima vya dondoo vilivyozibwa kwa albumini ya ng'ombe (protini ya damu yake) ya asilimia 1, na visima visivyo na dondoo, albumini peke yake. Katika kila uso fanya hali nne, kila hali visima vitatu, na popote usitie seramu. Hali ya kwanza, tia kila kitu kilichobaki: kingamwili yenye biotini, kisha avidini yenye kimeng'enya, kisha rangi, yaani kile kitendanishi ambacho peroksidesi hukigeuza. Ya pili, ruka kingamwili, tia avidini na rangi. Ya tatu ni kama ya pili, ila avidini ichanganye kwanza na biotini tupu, miligramu 0.1 kwa mililita, iache nusu saa ndipo uimimine. (Biotini ni mkaidi kuyeyuka, pasha bafa kidogo na uwe na subira.) Ya nne, rangi peke yake. Jumla ni visima 36, na ni kazi ya siku moja.

Hiyo hali ya tatu ndiyo roho ya jaribio, na ndiyo watu wanayoiruka. Avidini iliyoshibishwa biotini vidaka vyake vimejaa. Haiwezi tena kushika biotini nyengine. Lakini ukuta wake, chaji na sukari, uko vile vile. Kwa hiyo kama hali ya pili ina rangi na ya tatu ni nyeupe, avidini yako ilikuwa ikifanya kazi yake kwa uaminifu: imekuta biotini pale kisimani na imeishika. Hapo hakuna avidini duniani itakayokusaidia, na ile iliyo bora itaishika biotini hiyo vizuri zaidi. Kama hali ya pili na ya tatu zote zina rangi, ukuta ndio unaonasa, na hapo pesa ya streptavidini itakuwa imekwenda mahali pake. Kama ya kwanza ina rangi na ya pili ni nyeupe, kingamwili yako ya pili ndiyo inayoshika ovyo. Avidini haihusiki, kaongeze uzibaji na upunguze kipimo cha kingamwili. Na kama ya nne ina rangi, tafuta kosa kwenye rangi yenyewe au kwenye dondoo.

Linganisha pia nyuso. Rangi ikipungua kutoka maziwa kwenda albumini, umeshampata mkosaji mmoja. Ikibaki kwenye dondoo na kutoweka pasipo na dondoo, biotini au uchafu umo ndani ya dondoo. Ikiwa biotini imo ndani ya dondoo, una njia mbili. Unaweza kuitia avidini tupu, isiyo na kimeng'enya, ikae juu ya biotini iliyomo kisimani, uoshe, halafu utie biotini tupu, uoshe, ndipo uanze kipimo. Usiiache hatua ya pili: avidini ina vidaka vinne, ikikaa kwenye biotini ya kisimani kwa kidaka kimoja, vitatu vilivyobaki vina njaa, na vitaikamata kingamwili yako. Njia nyengine, ambayo mimi ndiyo ningeifuata, ni kuacha mambo ya biotini kabisa na kununua kingamwili ya pili iliyounganishwa na peroksidesi moja kwa moja. Utapoteza kidogo katika ukali wa rangi. Utapata kisima tupu kilicho tupu.

Nakwambia haya kwa uchungu, kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya pili nilipoteza mwezi mzima nikibadilisha avidini baada ya avidini. Daftari la waliotutangulia lilisema tuzibe kwa maziwa, na sikumuuliza mtu. Siku nilipotia biotini tupu kwenye avidini, ile rangi ilitoweka mbele ya macho yangu, na seramu za watu nilizokuwa nimezitumia hazikurudi tena.

Mambo madogo yaliyobaki. Kabla ya kununua, jaribu kupunguza avidini unayotia. Wengi wanatia zaidi ya inayohitajika. Jaribu 1 kwa 1,000, 1 kwa 5,000 na 1 kwa 20,000. Tween 20, aina ya sabuni, ya asilimia 0.05 iwemo kwenye bafa ya kuoshea. Ukilazimika kuendelea na avidini ya yai kwa sasa, ongeza chumvi katika bafa ya hatua ile mpaka karibu nusu mola. Mvuto wa chaji utalegea na biotini haitajali. Usizibe kwa ute wa yai, hata ukiambiwa ni rahisi, kwa sababu una avidini ndani yake. Na usihifadhi chochote chenye peroksidesi katika sodiamu azaidi, kihifadhi cha maabara, kwani azaidi huiua peroksidesi. Umeme ukikatika kwa siku nzima, kitakachoharibika mwanzo ni kimeng'enya, avidini yenyewe ni ngumu. Kwa hiyo gawa chupa katika vichupa vidogo, uviweke kwenye ubaridi wa nyuzi 4, usivigandishe.

Jambo moja hukuliuliza, lakini nyinyi wa maabara ndio mtakaoulizwa. Vidonge vya kuotesha nywele vinavyouzwa madukani vinaweza kuwa na biotini ya miligramu 5 au 10, wakati mtu mzima anatosheka na mikrogramu 30 kwa siku. Kipimo chako hakidhuriki, kwa kuwa seramu inaoshwa kabla avidini haijaingia. Lakini baadhi ya mashine za hospitali huchanganya damu na vitendanishi vya biotini na streptavidini kwa pamoja, na biotini ya vidonge huvijaza vidaka kabla ya kitendanishi kufika. Matokeo ya homoni za dundumio yanaweza kuja yakisema uongo, na vivyo hivyo ya troponini, ile inayopimwa kwa mtu anayeshukiwa moyo. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hili, baada ya kupokea taarifa ya mgonjwa mmoja aliyefariki kwa troponini iliyosomeka chini kuliko ilivyokuwa. Mgonjwa anapokuja kutolewa damu, muulize kama anameza vidonge hivyo, na uandike kwenye fomu.

Ukishaisoma sahani, niletee namba za visima vyote 36, usiniletee wastani peke yake. Niandikie pia dondoo ilitengenezwa kwa ini la mnyama gani na iligandishwa na kuyeyushwa mara ngapi.